Uliza Ami: Sahihi elfu mbili, na boti bado imelala mchangani

Asalaam aleikum wasomaji, na wale wa shikamoo, marahaba. Mwezi huu barua karibu zote ni za kitu kimoja, petisheni za kwenye intaneti, sijui nani amewasha huu moto lakini kuanzia visiwani Lamu mpaka Marereni kila mtu ana linki yake anataka isainiwe. Nimechagua chache, zingine nimezikata maana mngeandika kitabu, na majina ya maofisi na makampuni nimeyatoa yote, mtanisamehe, jarida hili halina wakili wa bure.

Ami shikamoo. Sisi ni vijana wa visiwani huku Lamu. Boti ya wagonjwa ya zahanati yetu injini imekufa tangu kaskazi iliyopita, imelala mchangani watoto wanachezea ndani. Mama akishikwa na uchungu usiku tunachangishana mafuta na kuomba boti ya mvuvi. Tumefungua petisheni mtandaoni imepita sahihi elfu mbili, tumeishea kila grupu, tumemtag gavana, seneta, MCA (mwakilishi wetu wa wadi), mpaka wizara Nairobi. Kimya. Tukifika elfu kumi ndo watalazimika kujibu? — Vijana wa Kisiwani

Marahaba wanangu. Hapana, hata mkifika laki moja hawalazimiki. Hii ya elfu kumi nadhani mmeiskia ya Uingereza, kule bunge lao lina tovuti yake yenyewe ya petisheni, ikifika sahihi 10,000 serikali inajibu, ikifika 100,000 inafikiriwa kujadiliwa bungeni. Na hata kule kujadiliwa si kukubaliwa, 2019 watu zaidi ya milioni 6 walisaini kwamba nchi yao isitoke Umoja wa Ulaya, na ikatoka vilevile.

Kwetu Kenya sheria imekaa kivingine, na mi naona imekaa vizuri zaidi kwa mtu wa kisiwani, kwa sababu haihesabu vichwa. Kifungu 119 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi bungeni. Kila mtu, yaani mmoja anatosha, hata akiwa ni yule bibi anaeuza mahamri pale jeti. Kifungu 37 kinatupa haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka za umma, alafu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikashuka mpaka mlangoni kwenu, kifungu 15 kinakupa njia ya kwenda bunge la kaunti, na kifungu 89 kinawawekea maofisa wa kaunti wajibu wa kujibu, tena kwa haraka. Sasa nyinyi mna sahihi elfu mbili kwenye tovuti ya Wazungu na hamna hata karatasi moja iliyopita mlango wa ofisi. Kwa sheria, hamjaomba kitu bado.

Na mmetag watu wengi mno. Ukimwita gavana, seneta, MCA na waziri kwa posti moja kila mmoja anamtazama mwenzake, ndivo walivo. Hebu tujiulize hii boti ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba linataja vituo vya afya na huduma za ambulensi kuwa kazi ya kaunti, na ambulensi kwa kisiwa ni boti, haiwezi kuwa Probox. Kwa hivo wizara Nairobi iacheni ipumzike. Karatasi iende sehemu mbili, kwa karani wa bunge la kaunti na kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, na nakala kwa MCA wenu ili asije akasema hakuambiwa.

Mtaiandika vipi? Sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi bungeni ni ya Bunge la Taifa na Seneti, lakini mpango wake ni mzuri mkiufuata hata kwa kaunti mtu hapati pa kuwakatalia. Andikeni kwa Kiswahili, kinakubalika, lugha ya heshima, pasiwe na maneno yaliyofutwafutwa. Jina, kitambulisho na anwani ya anaeomba. Semeni mshajaribu nani kabla na alijibu nini. Semeni kama jambo liko mahakamani au haliko. Alafu mwisho, na hapa ndo petisheni nyingi za mtandaoni zinaanguka, semeni mnataka nini hasa. Nimeisoma yenu, imeandikwa "serikali iangalie maslahi ya watu wa visiwa." Hiyo mtu anaijibu kwa kusema tunaangalia, mambo yamekwisha. Andikeni injini itengenezwe au ibadilishwe, nahodha aajiriwe wa zamu ya usiku, na mafuta ya boti yatengewe pesa zake kwenye bajeti. Hapo pana vitu vitatu ambavyo mtu anaweza kuulizwa kimoja kimoja.

Tena kuna suala la lini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bungeni kabla ya Aprili 30. Mkipeleka Agosti mtaambiwa bajeti ishapita, na wallahi watakuwa wanasema kweli. Pelekeni Januari au Februari, bahari imetulia mnavuka vizuri, alafu muende pia kwenye kile kikao cha maoni ya umma cha bajeti, kile ambacho huwa mnasema ni cha wazee na soda.

Siku ya kupeleka chukueni nakala mbili. Moja mnawaachia, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri uwe na tarehe. Dada wa mapokezi atakwambieni "wekeni tu hapo nitampa." Msiweke. Simameni hapo kwa adabu mpaka mugongewe, na kama muhuri uko kwa bosi na bosi ameenda semina, aandike kwa mkono jina lake, tarehe na saini. Piga picha. Hiyo picha sasa ndo mnaibandika kwenye petisheni yenu ya mtandaoni, kila wiki mnaandika chini yake leo ni wiki ya tatu, leo ni wiki ya nne, na zile sahihi elfu mbili zinapata kazi, maana wale watu wanapata kitu cha kuuliza. Linki bila ile karatasi ni kupiga honi barabarani bila kusema unataka kupita wapi.

Ami, nilisaini petisheni moja alafu ikaniuliza kama nataka kuchangia ifike mbali zaidi. Nikatoa kwa kadi. Sasa kaka aliefungua ile petisheni anasema hajaona hata shilingi. Amekula? — Dada wa Watamu

Hajala, kaka wa watu hana kosa. Kwa tovuti kama Change.org ile pesa inabaki kwa tovuti, inatumika kuitangaza ile petisheni ionekane na watu wengine, kama unavolipia tangazo. Ile ni kampuni, ilianzishwa 2007 Marekani, na imeandika hivo hivo pale chini ila sote tunabonyeza bila kusoma. Ukitaka kumsaidia kaka, mtumie kwa M-Pesa nauli ya kwenda Kilifi kupeleka barua.

Ami, benki yangu inanikata ada kila mwezi ambayo zamani haikuwepo, duka lenyewe hili la mkaa na sukari faida ni ndogo. Mwanangu ananiambia nisaini petisheni. Kweli benki kubwa hivo itamjali mama wa duka wa Barani? — Mama Duka, Malindi

Mamangu, inategemea benki inaogopa nini, na benki haiogopi sahihi, inaogopa mteja anaeondoka. Kuna kisa cha Marekani, 2011, Bank of America ilisema itakata dola 5 kila mwezi kwa mtu kutumia kadi yake mwenyewe kununulia vitu. Msichana wa miaka 22, Molly Katchpole, akafungua petisheni, ikapata sahihi zaidi ya laki tatu, na tarehe 1 Novemba benki ikafuta ile ada kabla haijaanza. Watu hupenda kuishia hapo. Lakini wiki zile zile watu walikuwa wanahamisha akaunti kupeleka kwenye vyama vyao vya akiba, kama SACCO zetu, mpaka ikapangwa siku maalum, Novemba 5, ya kuhama. Sahihi ziliisaidia benki kujua ni wangapi wako mlangoni na mabegi.

Nyingine ya 2012, Sarah Kavanagh, mtoto wa shule kule Mississippi, alisoma nyuma ya chupa ya Gatorade, kinywaji cha wanamichezo cha kampuni ya PepsiCo, akakuta mafuta ya mboga yenye bromini, BVO. Akaandika petisheni, sahihi zaidi ya laki mbili, na Januari 2013 PepsiCo wakasema wanaitoa kwenye Gatorade. Na hapo kampuni haikupoteza kitu kikubwa, ilikuwa na kitu kingine cha kuweka badala yake. Ukiomba kampuni kitu inachoweza kufanya bila kufilisika unapata mapema, ukiomba ijifunge yenyewe utasubiri.

Kwa hivo wewe mamangu fanya hivi. Chukua stetimenti ya miezi sita, pigia mstari ada, nenda tawini uandike malalamiko upewe kopi. Kenya benki haipandishi ada zake bila idhini, ni kifungu 44 cha Sheria ya Benki, kwa hivo uliza idhini ya hiyo ada iko wapi, na wasipojibu peleka Benki Kuu. Na kama kwenye chama chenu cha akina mama mna akaunti zenu hapo hapo, barua moja ya chama kwamba mnafikiria kuhamia SACCO itamfanya meneja akuletee kiti.

Ami, mi ni kijana wa upande wa Magarini. Kuna kampuni inafanya mambo si mazuri kwa ardhi na maji yetu. Nataka kufungua petisheni ila babangu anasema nitafungwa. — Naomba jina libanwe

Limebanwa. Babako hajakosea kuwa na hofu, na mi sikwambii usiwe nayo. Mei 2025 kuna dada mmoja wa kuunda programu Nairobi alikamatwa kwa sababu alitengeneza tovuti ya kumrahisishia mwananchi kutuma imeli ya kupinga Mswada wa Fedha kwa wabunge. Alishtakiwa kwa ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Juni hakimu akaitupa kesi, mashtaka yenyewe hayakuonyesha kosa. Alishinda, ndio, lakini alilala ndani kwanza, hilo usilifiche kwa mzazi.

Kumharibia mtu jina kama kosa la jinai Mahakama Kuu ililiondoa 2017, kwa hivo polisi wasikutishe nalo. Ila kampuni bado inaweza kukupeleka kortini ikudai fidia, na kampuni ina mawakili wa mshahara. Dawa yake ni kuandika ulichokiona wewe na unachoweza kukionyesha. Usiandike "kampuni hii ni wezi wauaji." Andika "tangu tarehe fulani maji ya kisima cha mtaa fulani yamekuwa ya chumvi, hii hapa picha, hawa hapa watu wanane wanaokitumia, tunaomba maji yapimwe na majibu yatolewe kwa wananchi." Hii ya pili inauma zaidi kuliko matusi, na wakili wao haoni pa kuishika.

Na usianze peke yako kama vile hakuna aliepita hapo. Upande wenu huo wa Magarini, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu mashamba ya chumvi, wananchi wakatoa ushahidi, ripoti ikatoka 2006. Itafute usome kabla hujaandika mstari mmoja. Utakuta wazee wa kijiji chenu walishasema mengi, na ukiweka kwenye petisheni "jambo hili limo kwenye ripoti ya tume ya haki ya 2006" umekuwa si kijana mmoja mwenye bando tena.

Ami, kwenye grupu yetu admini anataka kila mtu aposti jina, namba ya kitambulisho na simu ili ziingie kwenye petisheni. Ni salama? Na mamangu hajui kuandika, atasaini vipi?

Usiposti namba ya kitambulisho kwenye grupu la watu mia mbili, hata kama admini ni shemeji yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, anaekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na yeye admini akiulizwa atasema nini, kwamba zimo kwenye WhatsApp? Fanyeni fomu ya karatasi, ishikwe na mtu mmoja. Mamako aweke kidole gumba, kinakubalika kisheria, ila msomeeni kwanza aelewe anaweka kidole kwa nini. Mambo ya kumshika mama mkono kwenye wino haraka haraka tunayajua kwenye mashamba, yasije huku.

Ami wee, acha kudanganya watoto. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ulizuiwa na mahakama, si linki. Linki ni kelele za watu waliokaa kitako. — Mzee wa Baraza, Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Nusu ya maneno yako naichukua na nusu nakurudishia.

Ni kweli kabisa, leseni ile ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ya 2016, ya mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, haikufutwa na mtu aliebonyeza simu. Ilifutwa tarehe 26 Juni 2019 na jopo la kitaifa la mazingira, baada ya kundi la wakazi la Save Lamu na wenzao kwenda kulalamika, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavotakiwa. Mikutano ilikuwepo, lakini ilikuwa ya utangulizi, ilifanywa kabla ripoti yenyewe ya athari kutoka, kwa hivo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hawakuwa wamekiona. 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa kwetu Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kuujenga. Na vijana nisikilizeni vizuri, ukitaka kupinga leseni ya mazingira kwenye lile jopo una siku 60, na siku hizo hazisimami eti kwa sababu petisheni yako bado inakusanya sahihi. Nshaona watu wanashangilia wamefika elfu tano na siku zao zishakwisha zamani.

Sasa nusu yangu. Mzee, mtambo ule ulikuwa wa kama dola bilioni 2, na pesa hizo hazikuwa Lamu wala Nairobi. Zilikuwa China kwa benki ya ICBC, na General Electric (GE) ya Marekani ilikuwa inataka kuingia na hisa zake. Hao jopo letu halina ubavu juu yao. Huwezi kumpeleka mwenye benki wa Beijing mbele ya hakimu wa Malindi. Lakini ana jina, ana wateja, ana watu wanaomuuliza kwenye mikutano. Hapo ndipo zile kelele unazozisema zilipokuwa na kazi, petisheni, barua za wazi, maandamano ya Nairobi ya Juni 2019, picha za mikoko na za mji ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haina mpango wa kuufadhili. 2020 GE ikatangaza inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa, na mwaka huo huo ICBC ikajitoa. Si kwa ajili ya linki peke yake, na mtu akikwambia hivo anauza linki. Ila leseni ingeweza kuombwa upya kesho yake, wakili mzuri anajua njia. Pesa zikishaondoka, mradi unaombewa leseni na nani?

Tena kwa wavuvi wetu walioathiriwa na LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu, pale idadi ya majina ilikuwa na maana yake halisi. Kesi ilifunguliwa 2012, na 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kwa kesi ya fidia kila jina ni mtu na chombo chake, ukiacha kuliandika jina la jirani umemnyima haki yake. Mzee, wewe na baraza lako mnajua nani alivua wapi na kwa mtego gani kuliko tovuti yoyote duniani, kwa hivo hao watoto unaowaita wa kukaa kitako waite waje na simu zao hapo barazani waandike unayoyajua.

Ami, tumejibiwa! Barua inasema "suala lenu limepokelewa na linashughulikiwa." Tufanye sherehe? — Kamati ya Maji, nje kidogo ya Malindi

Bado, wekeni soda kwenye friji. Hiyo barua haina tarehe ya kumaliza, haina jina la mtu, haina kiasi cha pesa. Andikeni tena, ukurasa mmoja, mara hii si petisheni bali ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, Kiswahili chenu kinatosha na kuomba hakuna malipo, ila kutoa kopi wanaweza kuwatoza. Ulizeni mambo manne: nani anashughulikia, kazi imetengewa shilingi ngapi, mkandarasi ni nani, na itaisha lini. Wana siku 21. Zikipita kimya, mna siku 30 za kupeleka lalama kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, ina ofisi Mombasa, na chukueni ile barua ya "linashughulikiwa" pamoja na kopi yenu yenye muhuri.